Tapu Imevunjika Tena

Shoga, tapu imevunjika tena! Ile ya kukata tredi, hesi za kuingizia skrubu. Imekwama ndani ya chuma, mashine ikapiga yowe, karakana nzima ikanigeukia.

Na programu inayoiendesha mashine sijaigusa, nakuapia. Nikachomoa kipande kilichobaki kwenye mashine, nikakipima. Meno makubwa! Mimi asubuhi nilifunga tapu ya meno madogo. Nikakitia mfukoni.

Ndipo msimamizi akatoka ofisini kwake anafoka: "Unafungaje tapu ya meno makubwa kwenye programu ya meno madogo? Kesho mashine hii anaishika mpwa wangu!"

Meno makubwa, kasema. Mbele ya watu wote.

Shoga, kipande kilikuwa bado mfukoni mwangu. Sijamwonyesha mtu. Yeye kakiona wapi?