Ni Mahudhurio Tu

Kigera, Musoma

Dada yangu Yusta,

Salamu hizi zikukute umeinama kwenye maharage yako, si kitandani. Mgongo unaendeleaje? Na mama, bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi ni mzima wa mwili, kwingine usiniulize kwanza. Barua hii anakuletea Felista, binti wa fundi cherehani wa hapa sokoni kwetu, anayekuja Kasulu kwa wiki mbili. Dagaa sijakuwekea, maana najua mtanicheka. Ninyi watu wa Kigoma dagaa wa ziwa hili mnawaona chakula cha kuku.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungekata ukidhani mtandao umegoma.

Kazi yangu unaijua: kiwanda cha samaki, kuchuna minofu ya sangara, miguu kwenye maji ya barafu tangu alfajiri. Miaka tisa naitwa kibarua. Kila asubuhi tunasimama getini, msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Mwenye mimba anarukwa. Mwaka jana tulichoka, tukaunda umoja wa vibarua. Wengi wetu ni wakuja: Waha, Wahaya, Wasukuma, na mwenyekiti wetu Sospeter aliyetoka Mugeta pamba ilipomshinda. Mimi nikachaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko. Tulidai mikataba, glovu, na buti zisizovuja. Tuligoma siku mbili mpaka samaki wakaanza kunuka. Buti tukapewa. Dada, nilivimba kichwa! Nilijiona mtu.

Wenzetu wenye kiwanda hawakusahau. Nyuma ya kiwanda ndiko tulikojenga, vile vyumba vyangu viwili nilivyokutumia picha. Ikaja habari kwamba eneo linatakiwa kwa ghala jipya, na sisi tutapewa viwanja kule njia ya Butiama. Kule, dada! Mtu wa kusimama getini saa kumi na moja alfajiri atafikaje? Ujanja wao ndio huo, ukihamisha nyumba umeuhamisha na umoja. Tulikataa wote.

Mtendaji wa mtaa akaita kikao kwenye darasa la shule. Soda zikaja, mikate ikaja. Akanikabidhi karatasi: "Dada katibu, tusaidie kuzungusha mahudhurio." Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa, MAHUDHURIO, kwa herufi kubwa. Kurasa zilizofuata zilikuwa na mistari tu: jina, nyumba, sahihi. Nikauliza mbona huku juu ni kutupu. Akacheka. "Si ni mwendelezo? Kila kikao tunaandikishaga." Nami nikacheka. Unatujua sisi, hakuna kikao kisicho na mahudhurio, hata cha harusi. Asiyeandikwa ni kama hakuja.

Nikazunguka, nikawaandikia majina, wao wakaweka sahihi. Mama Nyamisi, mjane aliyenipokea siku ya kwanza nilipofika Musoma, hajui kusoma. Akaniuliza, "Edita, hiyo ni ya nini?" Nikamjibu, "Ni mahudhurio tu, mama." Kidole chake nilikishika mimi mwenyewe, nikakichovya kwenye wino, nikakikandamiza.

Baada ya wiki tatu barua ikabandikwa ukutani: wakazi wameridhia kuhama kwa hiari yao, angalia orodha ya sahihi. Zile kurasa zisizo na kichwa zilikuwa zimepata kichwa. Majina yote yamo, mistari imenyooka, mwandiko wangu mzuri kabisa.

Nyumba ya Mama Nyamisi ilivunjwa ya kwanza. Sospeter alifukuzwa kazi, amerudi Mugeta. Vyumba vyangu bado vimesimama kwa sababu tingatinga liliharibika, si kwa huruma ya mtu.

Mwanasheria anayetusaidia anasema bado tunaweza kupinga kwenye baraza la ardhi, ila anataka malalamiko yenye sahihi za wakazi. Nimepita kila mlango. Hakuna anayeshika kalamu. Watu waliogoma pamoja nami sasa wananiangalia mikono. Mama Nyamisi amejisitiri kwenye turubai uani kwa binti yake, na huko nilipiga magoti. Angenitukana ningeshukuru. Alisema, "Nilikuwaga nakuita mwanangu. Kidole changu umeshakitumia, Edita. Hivi vilivyobaki ni vya kulia ugali."

Nilirudi nyumbani sioni njia.

Na wakubwa wa kiwandani nao wamepata la kusema. Eti mimi si Mtanzania, ni Mrundi, mchochezi niliyevuka mpaka. Huku ukitaja Kasulu tu, unaulizwa kitambulisho cha babu yako. Nimeitwa uhamiaji. Nakuomba, dada, nenda parokiani ukanitolee nakala ya cheti cha ubatizo, na mwenyekiti wa kijiji aandike kwamba mimi ni mtoto wa hapo. Mpe Felista akirudi. Nikishathibitisha kwetu ni wapi, nitapeleka malalamiko barazani kwa jina langu peke yake. Mwanasheria anasema jina moja halina uzito. Nimemwambia ndilo nililobaki nalo.

Usiniambie nirudi. Nikiondoka sasa watasema nilinunuliwa, na Mama Nyamisi atakufa akiamini hivyo.

Nisalimie mama, umwambie tu kwamba kazi ipo. Msalimie shemeji na baiskeli zake za watu zisizokwisha kutengenezwa, na mjomba mpiga kengele wa kanisa. Yule mwalimu wetu wa darasa la pili, aliyenichapa mpaka mistari yangu ikanyooka, kama yu hai msalimie pia, ila usimwambie mwandiko umenifikisha wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Edita

Sahihi siweki. Utanijua kwa mwandiko.