Kisambazaji cha Milango Kumi na Minane

Jumamosi, 18 Januari

Waya wa mtandao umefika! Umeishia mlango wa kwanza, kwa Mzee Manggat, mkuu wa nyumba yetu ndefu, familia kumi na nane chini ya paa moja. Mafundi wamefunga kiboksi, wamekunywa kahawa, wamerudi na boti yao. Waifai inafika mlango wa nne, basi. Bibi na mimi tunakaa mlango wa kumi na nane, wa mwisho.

Nimepima baraza letu la pamoja kwa hatua, mwanzo hadi mwisho: mia moja na thelathini.

Na barua imekuja jana. Usaili wa shule ya bweni ya sayansi, Alhamisi tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, kwa video. Mtandao ukikatika, hakuna marudio. Nimeisoma mara nane. Mwalimu ameniazima kompyuta ya shule. Nimemweleza Bibi kwamba watu walio Kuching, mji mkuu wa jimbo letu, wataniona na kuniuliza maswali. Kasema: basi na wao wavae vizuri.

Jumatatu, 20 Januari

Mkutano barazani. Imekubaliwa tununue kisambazaji cha pili cha waifai, kiwekwe katikati ya nyumba. Achague nani? Wamenitaja mimi, kwa sababu nina A ya sayansi. Nilikataa mara ya kwanza, kwa adabu, kama inavyotakiwa. Kisha nikakubali haraka wasije wakabadili mawazo.

Ubishi ukawa mahali. Baba Ungau wa mlango wa tisa alisema katikati ni kwake, hata mtoto mdogo anajua kuhesabu.

"Katikati ya nini?" akauliza Mama Sendi wa mlango wa kumi. "Ukianza kuhesabu upande wa juu wa mto, katikati ni kwangu."

"Shemeji, nyumba haihesabiwi kinyumenyume."

"Aliyekaa mwisho haoni kinyume."

Kila mtu anakitaka kwake. Hata Bibi alisafisha koo.

Jumatano, 22 Januari

Nimeandika sifa za kisambazaji bora. Kifike mbali. Kibebe watu wengi – nimehesabu simu sitini na moja. Kisiogope unyevu. Kipate umeme kupitia waya uleule wa mtandao.

Mzee Manggat alisoma karatasi yangu yote, taratibu, akaisifu. Kisha akauliza kina antena ngapi.

Nilimjibu kwamba siku hizi antena zaweza kuwa ndani.

"Nyumba ya kule chini ya mto wana pembe sita, mjukuu wangu. Zinaonekana ukiwa botini. Sisi hatuwezi kuteremka chini ya nane."

Ijumaa, 24 Januari

Nimekwenda mjini Sibu na Mzee Manggat, kabla Bwana Ling, muuza kompyuta, hajafunga duka kwa mwaka mpya wa Kichina. Cha pembe nane kipo! Cheusi, kinawaka taa nyekundu, kama kaa aliyelala chali. Bwana Ling ni mkweli: alisema hicho ni cha kijana mmoja, chumba kimoja, anayecheza michezo ya kompyuta. Cha baraza refu ni kile cheupe cha darini, ndicho kinachofungwa kwenye korido za hoteli. Ni bapa. Hakina pembe hata moja.

Nimechagua cheupe. Mzee Manggat alikuwa amempakata yule kaa kama mjukuu. Akamrudisha rafuni mwenyewe, namshukuru kwa hilo. Boti ikapita bandari ya mbao. Kisha:

"Nitawaambiaje watu? Kwamba nimeleta sahani?"

Jumamosi, 25 Januari

Kimefungwa darini, kwenye sehemu ya baraza iliyo mbele ya mlango wa Baba Ungau. Nilikimbia mpaka chumbani kwetu, nikafunga mlango, nikafungua video ya utabiri wa hali ya hewa. Haikukwama hata mara moja. Nilikaribia kulia. Kuching kutanyesha.

Barazani walikuwa wameinua shingo. Pembe ziko wapi?

"Labda ni jike," alisema Mama Sendi.

Jumatatu, 27 Januari

Jambo ambalo sikuliandika kwenye sifa: watu wanakaa chini yake. Chini yake kabisa! Niliwaeleza kwamba mawimbi yanafika kila mlango, mtu anaweza kukaa kwake. Wamenielewa vizuri. Hakuna aliyeinuka.

"Moto huotwa karibu na jiko, binti," alinijibu mmoja wao.

Na anayeketi kwenye mkeka wako ni mgeni wako, na mgeni hakai mkavu. Mama Ungau amewamiminia kahawa watu thelathini na wanne tangu asubuhi. Sukari imekwisha. Biskuti zimekwisha. Leo jioni nilimsikia akimuuliza mumewe, kwa sauti ya upole sana, kama angali anajua kuhesabu katikati ya nyumba.

Alhamisi, 30 Januari

Baba Ungau amegundua kwamba dari yake imeoza, haitahimili uzito. Kisambazaji hakifiki nusu kilo. Kimehamia kwa Mama Sendi.

Jumamosi, 1 Februari

Mama Sendi anasikitika sana, lakini taa ya buluu ya kisambazaji inamnyima mwanawe usingizi. Mwanawe ana miaka ishirini na tisa na anafanya kazi Miri, mji ulio mbali.

Jumapili, 2 Februari

Mkutano tena. Ghafla wote ni wakarimu!

"Kaka, kwako ndiko kwenye upepo mzuri."

"Nani, mimi? Mimi sistahili. Kiende kwa mwenye heshima kuliko mimi."

Nilisimama na mchoro wangu. Nikaeleza kwamba katikati ni katikati hata kama sukari imepanda bei. Wakanisikiliza kwa heshima yote, halafu wakamtazama Bibi.

Bibi hajapata wageni wengi tangu Babu afariki. Alinyoosha sarong aliyojifunga kiunoni. "Kwetu karibuni," akasema, kama msichana aliyeombwa kucheza ngoma.

Waya umefika, umebaki wa hatua mbili tu. Sasa mlango wa tano hadi wa nane hawapati kitu. Hawalalamiki. Wanakuja kwetu.

Jumanne, 4 Februari

Mwalimu amenipigia kwa majaribio. Uso wake uliganda mdomo ukiwa wazi, ukakaa hivyo dakika nzima. Kisambazaji kiko mita tatu kutoka kichwani mwangu! Kosa si lake. Bomba ni moja, wanaochota ni hamsini.

Kuna ukurasa wa kisambazaji ninaoufungua mimi peke yangu. Simu zote zimeorodheshwa, na pembeni mwa kila moja kuna kitufe cha kuzuia. Alhamisi naweza kuzifunga zote kwa dakika mbili. Wangedhani ni mvua. Nilimwambia Bibi.

"Mtu kanywa kahawa yako nusu, unampokonya kikombe?"

"Ni kwa nusu saa tu, Bibi."

"Basi mwombe. Ana masikio."

Alhamisi, 6 Februari

Saa tatu na dakika arobaini na tano. Naandika huku nangoja.

Leo ni siku ya shamba, lakini hakuna aliyekwenda shamba. Wapo arobaini na wawili. Wamechana nywele. Nilisimama, nikawaomba wazime simu mpaka saa nne na nusu. Mzee Manggat alirudia maneno yangu kwa sauti kubwa, ingawa walishasikia. Wamezima wote! Nimefungua ule ukurasa: kuna kifaa kimoja tu, kompyuta yangu. Mtandao unateleza kama mafuta. Sikugusa kitufe chochote.

Nikangoja waondoke.

Niliingia chumbani, nikafunga mlango. Mlango ukafunguliwa. Wamekuja na mikeka. Mzee Manggat kakaa nyuma yangu, shati la sherehe, vifungo vyote.

"Wewe jibu tu," kasema Mama Sendi. "Sisi hatusemi kitu. Ukikwama, geuka nyuma."

Dakika tano. Shule imetuma ukurasa wa kwanza. Una kisanduku cha kuweka alama: *Nathibitisha kwamba niko peke yangu chumbani.* Usipoweka alama, hauendelei.

Nimemsomea Bibi. Akawatazama watu, akanitazama mimi.

"Si uko peke yako? Hawa ni wa nyumbani."

Dakika tatu. Sijawahi kudanganya kwenye karatasi ya shule. Sijawahi pia kumfukuza mtu mwenye kikombe mkononi. Kisanduku kitupu. Nyuma yangu hakuna anayekohoa. Nimegeuka – nao wote arobaini na wawili wakaitikia kwa vichwa, pamoja, kunipa moyo. Dakika mbili. Naweka kalamu chini.