Kahawa ya Wakwe

Novath, nimeshatoka, usinitafute. Ndizi zimemenywa, pikeni na maharage ya jana. Mbuzi hawajanyweshwa.

Wageni wa Ihembe wamekuja asubuhi kumposa binti yako Vero, nawe ukawapa soda, ukasimama mlangoni kama mgambo: “Haya wazee, mna shida gani?” Bwana mkubwa! Bibi alitufundisha kwamba mgeni hutafuna punje za kahawa kwanza, ndipo aulizwe kilichomleta. Mama akaongeza kwamba ukimuuliza kabla, umemfukuza. Mimi niliyezurura mpaka Uganda ninakumbuka. Wewe hujawahi kuhama Nyaishozi, mibuni imekuzunguka hadi dirishani, umesahau!

Mzee wao aliiweka chupa chini bila kuionja, wakaondoka.

~~Sirudi kwako tena.~~ Nitarudi wakikubali. Nimebeba kahawa yote ya kabatini, ninawafuata niwaombe radhi kwa niaba yako. Usiwapigie simu, utaharibu zaidi.

Wageni wako njiani kurudi kwao. Vero analia chumbani. Mama yake yuko shambani, hataki kukuona. Mimi ninapanda pikipiki. Wewe, nasikia, uko senta unasimulia ulivyowapokea wakwe.

Dada yako mkubwa