Mlingoti Juu ya Paa la Kariakoo

Alhamisi. Mawingu ya asubuhi yamepita bila kunyesha, Kariakoo imepoa kidogo, na mimi moyo haujatulia tangu Jumapili.

Shajara yangu, unakumbuka nilichokuandikia siku ile? Kwamba boti ya Baba Neema iuzwe. Nilimwambia na yeye hivyo hivyo, tumetoka tu majini, nguo bado zinachuruzika. Upepo ulikuwa umebadilika ghafla. Akalegeza kamba ili tanga lishuke, tanga likagoma. Kule juu kabisa ya mlingoti, kamba mbili za kupandishia matanga, mabaharia wanaziita henza, zilikuwa zimesokotana kama nywele zisizochanwa wiki nzima. Boti ikalala ubavu. Nilisali sala zote ninazozijua na nyingine nilizitunga pale pale.

Alinijibu kwa upole, "Sawa, mke wangu. Tutaiuza."

Heri angebisha.

Huyu ni Mchagga, kakulia kwenye migomba na baridi, na anauza mabomba na koki mtaa wa pili kutoka duka langu la mapazia. Bahari kaijulia ukubwani. Mimi Mpare, mtani wake, nimemcheka weee, namwambia maji mnayoyajua kwenu ni ya mfereji. Lakini Jumapili jioni, akishanawa chumvi usoni, huwa mtu mwingine. Anaimba mpaka jikoni. Wiki hii nzima jikoni kimya.

Jumatatu mnunuzi akapatikana. Anakuja kuiona Jumamosi.

Sasa jana natoka dukani, naona mkokoteni umesimama mbele ya jengo letu, mlingoti umelazwa juu yake, ncha imefungwa kitambaa chekundu usije ukamtoboa mtu. Nyuma yake Baba Neema anatembea kwa hadhi kama msindikiza bibi harusi. Msukuma mkokoteni akaniuliza, "Mama, hili goli si lilikuwa liende uwanja wa mpira wa Jangwani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wakauvuta kwa kamba nje ya ukuta hadi juu ya paa.

Leo mchana nikafunga duka mapema, nikapanda kuona. Nimemkuta kapiga magoti, miwani puani. Akanionyesha tatizo. Makapi mawili, yale magurudumu madogo yanayopitisha zile kamba, yalikuwa yananing'inia kwenye pete moja, yanazunguka yanavyotaka, na kamba nazo zinafuata. Amechongesha bamba la stenlesi kwa fundi vyuma wa mtaa wa Gerezani. Lina mikono miwili, mmoja unatazama mbele na mwingine nyuma, na limekazwa kwa bolti lisizunguke. Kila kapi lina mkono wake, kila kamba ina upande wake.

Nikamuuliza anahangaika nini na kitu cha kuuzwa.

"Huyo jamaa ana mke," akasema bila kuinua kichwa. "Ataingia naye."

Nampenda huyu mtu, na kuna siku nasahau kwa nini. Leo nimekumbushwa.

Tukausimamisha mlingoti, tukaufunga kwenye nguzo ya tangi la maji. Matanga aliyaacha ufukweni, kwa hiyo nikashuka dukani nikaleta mapazia mawili, la maua na la kijani. Mama Kusum wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa anaanua pilipili zake, akaziacha akaja kutushikia pindo za chini. Mapazia yakapanda, upepo ukayapiga kweli kweli. Jengo la jirani watu wakajaa madirishani, mmoja akauliza tunafunga antena gani.

Baba Neema akaniachia kamba. Nikalegeza, pazia la maua likashuka mpaka miguuni kwangu. Nikalipandisha tena makusudi, nikaliacha lipigwe na upepo muda mrefu, nikitafuta kasoro. Likashuka. La kijani nalo likashuka. Nikarudia mpaka mikono ikauma, na nikajikuta nacheka peke yangu.

"Kwa hiyo mnauza lini?" akauliza Mama Kusum.

"Jumamosi," akajibu Baba Neema. Akaanza kukunja mapazia yangu taratibu, kona kwa kona, yasichafuke.

Zile kona zilinimaliza.

Nikachomoa simu mfukoni mwake, nikampigia mnunuzi. Nikamwomba radhi, nikamwambia boti imeshapata mtu.

Baba Neema akaniangalia, pazia bado mikononi. "Nani?"

"Mpare mmoja," nikamwambia. "Hatoi hata shilingi, ila tanga anajua kulishusha."

Bado naogopa maji, shajara, nisikudanganye. Lakini Jumapili hii naingia, na kamba nitashika mwenyewe.

Ninapoandika haya, huko jikoni kuna mtu anaimba.