Nilimwambia Asisimame

Kambi ya dhahabu, karibu na Salamabila

Kwa baba yangu mpenzi, huko Kasongo,

Barua hii ikukute mzima, wewe na mama, na mguu wako wa kushoto uwe umeacha kukusumbua. Mimi na mke wangu hatujambo. Useremala wa kambi hauniachi hata ninenepe: leo milango, kesho vitanda. Shida ni ya mke wako mdogo, mjukuu wako Veronika.

Baba, mtoto huyu amenichanganya akili. Kila asubuhi, kabla ya masomo, mwalimu huwakimbiza watoto kuzunguka kiwanja. Veronika anakimbia vizuri, hata wavulana anawapita. Lakini akishasimama, punde kidogo kifua kinaanza kupiga filimbi, mabega yanapanda, maneno hayatoki. Baadaye kinatulia, naye anaomba chakula. Nilimpeleka hospitali ya kambi. Tulingoja kwenye benchi nusu siku, na zamu yetu ilipofika kifua kilikuwa kimya kabisa. Mganga akasikiliza mbele na nyuma, akasema hakuna kitu. Mwalimu naye akashikilia hapo hapo: "Huyu mutoto iko muvivu. Kifua chake iko muzima, munganga aliangalia." Mama yake anasema ni baridi ya asubuhi za kiangazi. Jirani anasema amekula nyama ya mwiko. Sijui nimwamini nani. Mvivu gani huyo anayewatangulia wenzake?

Basi nikafikiri kama fundi. Akikimbia hana shida. Shida inakuja akisimama. Nikakumbuka maneno yako ya wakati ulipobeba mizigo ya Wazungu hadi Kabambare, kwamba mpagazi asiketi ghafla, pumzi itamfungia kifuani. Nikaona nimepata dawa. Nikamwambia: "Wengine wakisimama, wewe usisimame. Endelea tu."

Alinitii, baba. Alhamisi wenzake waliingia darasani, yeye akaendelea kuzunguka kiwanja peke yake. Mwalimu akadhani anamdhihaki. Mimi nilikuwa natengeneza dirisha la shule, nikamwona, tena nikafurahi. Kisha akaanguka. Nilipomfikia midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nilimketisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamwita kwa majina yake yote. Pumzi ilirudi kidogo kidogo, na neno lake la kwanza likawa: "Baba, nisimame sasa?"

Nililia mbele ya watoto wa shule, sikuona haya.

Sikulaumu wewe, baba. Wewe ulisema habari za watu wazima wenye mizigo. Mimi ndiye niliyembebesha mtoto. Lakini mpaka leo sielewi. Kinachomfunga ni mbio, au kusimama, au ile baridi ya asubuhi? Uliomba nimtume kwako wakati wa likizo pamoja na watu wanaokuja huko kwa miguu. Simtumi, unisamehe. Mwalimu anataka akimbie Jumatatu, la sivyo atamfukuza shule. Nitakwenda mwenyewe. Akiniuliza ni ugonjwa gani, sina jina la kumpa. Nitamwambia nimeuona kwa macho yangu, na mtoto hakimbii.

Msalimu mama, na dada mkubwa, na shemeji mfua chuma, na katekista anayekusomea barua hii, asome polepole. Veronika amekaa mlangoni ananitazama nikiandika. Tangu Alhamisi hachezi mchezo wowote mpaka aje kuniuliza kama anaruhusiwa, nami kila mara namjibu kwamba sijui.

Mimi mwanao nisiyekusahau,
Petro