Gogo la Wasichana wa Darasa la Tatu

Jumatatu, 7 Septemba 1953
Mazoezi ya viungo tena, umande haujakauka. Gogo la mkaratusi, wasichana kumi na wanne wa darasa la tatu kulivuka mmoja mmoja. Wameanguka wote. Wavulana dirishani: "Kuku waliofungwa miguu hao!" Mwalimu Mkuu akacheka nao. Namchukia. Sitalitubu neno hilo.

Jumanne, 8 Septemba
Mwalimu Mkuu ameniita. "Wewe binti, wazazi wameleta watoto wasome, hawakuwaleta waruke kama mbuzi." Mkaguzi anakuja Ijumaa. Wakianguka mbele yake, kipindi changu kinafutwa na saa hiyo wasichana watachuma kahawa ya shule. Anaingoja Ijumaa kama sikukuu.

Jumatano, 9 Septemba
Nimewafokea. Shingo juu, mikono pembeni, kama nilivyofundishwa chuoni. Wanayumba tu. Estera, mdogo kuliko wote, akachukua kata yake ya majani ya mgomba, ile ya kuwekea mtungi, akaiweka kichwani. Nikampokonya. Akasema, bila utundu wowote, "Mwalimu, kichwa kikiwa kitupu miguu inapotea."

Nikamchapa kiganjani.

Jioni nilimwona akitoka mtoni na mtungi umejaa. Akaruka mfereji. Hakumwaga hata tone. Mjinga ni mimi.

Alhamisi, 10 Septemba
Nimemrudishia kata mbele ya wenzake. Nimemwomba radhi, wakacheka, hawajawahi kusikia mwalimu akiomba radhi. Kisha mitungi, maji nusu. Wamevuka gogo wote. Wote!

Ijumaa, 11 Septemba
Mitungi kumi na minne, hakuna uliopasuka. Mkaguzi akapiga makofi. Kipindi kiendelee, alisema, maana kinaandaa wanawake hodari wa kubeba maji. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yake tangu mwanzo. Yake! Nimeuma ulimi mpaka nikaonja damu. Wamenipa ushindi kwa sababu ninayoichukia. Nimeuchukua hivyo hivyo. Ningefanya nini?

Jumatatu, 14 Septemba
Leo hakuna mitungi. Mipira ya matambara. Mwalimu Mkuu alipita, akaenda zake.

Estera hufumba macho kila mpira unapomjia, unampiga kifuani. Nikasogea karibu, hatua moja, nyingine, nikamrushia polepole. Mara ya tisa hakufumba. Hakuudaka. Ila aliutazama mpaka ukaanguka.