Shikamoo ya Zawadi

Jumanne. Jua kali, ziwa limetulia kuliko mimi.

Ni siku za mbalamwezi. Mwezi uking'aa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi haitoki na mwaloni hapa Kibirizi pamepoa. Mchuuzi asiye na dagaa wa kuanika hana pa kupeleka mikono. Yangu toka asubuhi iko usoni. Navuta mashavu kuelekea masikioni, naachia, navuta tena.

Chanzo ni Zawadi. Wiki iliyopita niliingia duka la vitenge Katubuka, nikamkuta ndiye mwenye duka. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, Ujiji. Yeye hakunitambua. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba.

Badala ya kumwambia ni mimi, Mwajuma, nikatoka hata kitenge sikununua. Aibu ile bado ninayo.

Nina miaka arobaini na tisa. Mashavu yamebonyea, na mistari miwili imeshuka toka puani hadi mdomoni. Ndipo nikamtafuta dada mmoja wa saluni anayechoma sindano za kujaza ngozi, wenyewe wanaziita fila. Kabla ya kwenda nikampigia binamu yangu muuguzi. Akanieleza kuwa ni jeli, inadungwa chini ya ngozi, inainua palipobonyea. Haidumu, mwili unaiyeyusha taratibu. Ngozi iliyochomwa na jua haiitengenezi. Na ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka. Adunge daktari aliyesomea, akasema, na awe na dawa ya kuiyeyusha hapo hapo.

Nilimsikia vizuri. Na leo saa nne nilikuwa kwenye kiti cha saluni.

Dawa ilikuwa tayari ndani ya bomba la sindano, kwenye kisahani. Nikaomba kuona boksi lake. Dada akacheka. "Boksi la nini, mama yangu? Tulia nikurudishe usichana."

Mimi gunia la dagaa silinunui mpaka nizamishe mkono hadi kiwiko, maana juu wanaweka wazuri na chini mchanga. Wauzaji wa Ilagala wananiita Mama Kiwiko. Halafu uso wangu mwenyewe nusura niutie kitu nisichokijua hata jina.

Nikainuka, nikaaga kwa adabu.

Nisijidanganye, bado natamani. Nitamwomba binamu aniulizie daktari wa ngozi, hata akiwa mbali, nimsikilize kwanza. Na mitumbwi ikianza kutoka nitaanika dagaa nikiwa na kofia pana, wacheke mpaka wachoke. Hata sasa naandika kwa mkono mmoja, wa pili unavuta shavu.

Ila kuna jambo nimelikumbuka njiani nikirudi. Zawadi alirudia darasa mara mbili. Ndiyo maana tulikutana dawati moja. Ni mkubwa kwangu.

Kesho nafuata kitenge changu. Nitamwahi mlangoni: shikamoo, dada Zawadi.

Tuone kama ataitikia.